Kitambaa Cheupe Asubuhi ya Tet

Nilipokuwa na miaka tisa, niliingia nyumba ya watu asubuhi ya mwaka mpya wao nikiwa nimevaa kama mtu aliyefiwa. Nalisema mapema kwa sababu sipendi hadithi inayozunguka nyumba mara saba kabla ya kubisha hodi. Kosa lilikuwa langu. Mama alichangia, lakini yeye hakujua. Mimi nilijua.

Tuliishi ughaibuni, kitongoji cha Merrylands, katika nyumba ya kupanga yenye uzio wa mbao, na ng'ambo ya uzio huo aliishi bibi Mvietnamu, Ba Sau. Ba kwao ni bibi, na Sau ni sita. Lakini alikuwa mtoto wa tano kwa mama yake, na nilipomuuliza mbona hesabu haikubali, aliniambia kwamba kwao kifungua mimba huitwa wa pili, ili roho mbaya zikija kumtafuta wa kwanza zisimpate. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilitaka kujua kama roho hizo hazijui kuhesabu, ama huona tu aibu kuuliza. Mama alisema maswali yangu yangemaliza hata uvumilivu wa mchungaji, na alisema kweli.

Ba Sau alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake kubwa ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na sauti yake ndiyo iliyotuamsha siku nyingi. Alimlea mjukuu wake, Linh, aliyekuwa darasa moja nami, akisaidiana na mwanawe, baba yake Linh, ambaye mimi nilimwita Chu Tam, kama mtu anavyomwita baba mdogo. Mama alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, na shifti zake zilianza mchana zikaisha usiku. Kwa hiyo Ba Sau alituchukua shuleni wote wawili, akatulisha wote wawili, akatukaripia wote wawili. Mbao moja ya uzio ilikuwa imelegea, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu, kupitia bustani hadi jikoni. Sikumbuki kuwahi kupita mlango wao wa mbele kabla ya mwaka huo.

Kiingereza chake kilikuwa cha vipande, na mikono ilimalizia palipobaki. Ninayoyaandika hapa kwa Kiswahili ndiyo niliyoyaelewa, na tulielewana sana.

Wiki ile kabla ya Tet, ambayo ndiyo mwaka mpya wao, nyumba yake ilinukia vitu vitatu: udi, majani ya mgomba na nguruwe. Nguruwe alipikwa na mayai mazima ndani ya maji ya madafu mpaka mayai yakageuka rangi ya kahawa. Majani ya mgomba yalikuwa ya banh tet. Ba Sau alitandaza jani, akaweka mchele wa kunata, juu yake ndengu zilizomenywa, juu yake ukanda wa nyama yenye mafuta, tena ndengu, tena mchele, akaviringisha kama mtu anayemfunga mtoto mchanga, akakaza kwa kamba. Kisha vyote vikaingia sufuria kubwa nyuma ya nyumba, vikachemka kuanzia asubuhi hadi jioni. Niliuliza kwa nini muda mrefu hivyo, na yeye akaniuliza kama mimi nina haraka ya kwenda wapi.

Mama alipoonja kwa mara ya kwanza alitafuna pole pole akasema, "Hawa watu wamechukua ndengu zetu wakazivalisha koti." Kisha akala kipande cha pili.

Lakini mimi nilichokiwaza zaidi ni nguo. Ba Sau alikuwa akishona ao dai, nguo yao ndefu ya sikukuu. Inabana kifuani, kola yake inasimama shingoni, halafu kutoka kiunoni hadi chini imepasuliwa pande zote mbili, na ndani yake mtu huvaa suruali. Nilimwambia sioni maana ya kupasua nguo halafu kuvaa suruali ya kuziba mpasuo. Akasema, "Upepo upite." Sikuwa na swali jingine, jambo ambalo lilikuwa nadra.

Moja ilikuwa ya Linh, ya manjano. Nyingine ilikuwa nyekundu, na nilipoona anaipima kwa macho mgongoni mwangu akidhani sioni, nilijua ni yangu. Jumamosi jioni ilikuwa imebaki pindo tu. Ba Sau alinishika kidevu kwa vidole vyake vyenye alama za sindano akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kesho asubuhi usije. Nitakuletea nguo. Ukivaa, nikikuita, njoo."

Linh alikuwa amenieleza sababu. Mtu wa kwanza kuingia nyumbani siku ya Tet huingia na mwaka mzima mikononi. Akiwa mwenye afya na mcheshi, nyumba inapata afya na kicheko. Akiwa na mkosi, basi. Kwa hiyo hawakuacha mambo yajiendee tu. Alikuwepo mjomba mmoja wa Cabramatta, mwenye duka la mikate, mnene, anayecheka kabla hujamaliza kusema, na huyo alikuwa ameombwa afike saa mbili kamili. Mwaka huo alihitajika kuliko miaka mingine. Chu Tam alikuwa na ugonjwa wa moyo, na wiki tano baadaye alikuwa apasuliwe.

Nilimuuliza Linh: je, akiingia paka? Akiingia nzi? Mtu akiingia kwa mlango wa jikoni, inahesabika? Bahati yenyewe inaonekana ikiingia, ama huhisiwa tu? Linh aliniambia niache ujinga. Hakujua, hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa amekaa na jambo kubwa namna hiyo maisha yake yote na hajawahi kulichungulia.

Mwaka huo Tet iliangukia Jumapili, na Jumapili hiyo hiyo mimi nilikuwa nibatizwe. Kanisa letu la Wakenya lilikodi ukumbi kule Rooty Hill, na watoto sita tulikuwa tumepangiwa kuzamishwa majini. Saa moja asubuhi Mama alikuwa ameshanivalisha kanzu nyeupe hadi vifundoni. Nywele zangu zilikuwa zimesukwa jana yake kwa masaa manne, na ili zisiharibike alinifunga kitambaa cheupe kichwani, fundo nyuma, mikia miwili ikining'inia mgongoni.

Kisha akaiona sahani.

Ilikuwa sahani ya Ba Sau, kubwa, yenye samaki wa buluu, iliyokuja Ijumaa na banh tet mbili juu yake. Mama ana sheria zake. Sahani ya jirani hairudi kwake tupu, wala haikai kwetu kupita Jumapili. Alikuwa amekaanga mandazi ya kupeleka kanisani. Akapanga kumi na mawili juu ya wale samaki, akafunika kwa taulo ya jikoni, akanipa.

"Peleka kwa shosho wa Linh, urudi mbio. Na usichafue kanzu."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa manne tu: Mama, amesema nisiende asubuhi. Yalikuwa mdomoni. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichoyasukuma nyuma, nacho kilikuwa hamu ya kuona. Nilikuwa na sahani, nilikuwa na amri ya mzazi, na nilikuwa na mlango wa jikoni ambao pengine hauhesabiki. Nikapita kwenye mbao iliyolegea, nikiinua kanzu kwa mkono mmoja.

Jikoni hapakuwa na mtu. Tikiti maji kubwa lilikuwa mezani, limebandikwa karatasi nyekundu, likisubiri kukatwa ili waone kama ndani ni jekundu, dalili ya mwaka mwema. Nilisikia cherehani haisemi, redio haisemi. Nikaenda hadi sebuleni.

Ba Sau alikuwa amenipa mgongo, amevaa ao dai ya zambarau ya mahameli, ameshika vijiti vitatu vya udi mbele ya picha za wazee wake. Linh alikuwa pembeni yake na manjano yake. Chu Tam alikaa kwenye kiti, shati limepigwa pasi, kola imempwaya kwa jinsi alivyokonda. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Alifungua mdomo kama anayetaka kucheka, kisha hakucheka.

Ba Sau akageuka. Hakuniangalia usoni. Aliangalia kichwa changu, akashuka na kanzu hadi miguuni, akapanda tena hadi kwenye kitambaa. Nikaona moshi wa udi, uliokuwa umenyooka, unaanza kutetemeka.

Kwao nyeupe ni nguo ya msiba. Na si nyeupe tu. Anayefiwa na mzazi au bibi hufungwa kitambaa cheupe kichwani, fundo nyuma, mikia miwili ikining'inia mgongoni. Hilo Linh hakuwa amenieleza, wala mimi, na maswali yangu yote, sikuwa nimeliuliza.

Alikuja mbio kupita umri wake. Alikivuta kile kitambaa kwa nguvu hata pini zikadondoka, akanishika bega, akanirudisha jikoni, akanitoa nje na sahani yangu mikononi. Mlango wa jikoni ukafungwa. Sikuwa nimewahi kusikia kitasa chake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama wamelala. Kuhusu kitambaa nilisema kimeanguka. Mama akanifunga kingine, akaharakisha, na saa nne na nusu nikazamishwa majini kwa jina la Baba na la Mwana nikiwa na uongo mdomoni. Nilifumba midomo kabisa nisiumeze. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nahesabu: wiki tano.

Mchana hakuna aliyeniita. Jumatatu Mama aliponipeleka kabla ya shifti, kupitia mlango wa mbele kwa sababu mbao ya uzio ilikuwa imepigwa misumari, Ba Sau alitoka akasimama kizingitini. Linh akatafsiri huku akiangalia viatu vyake: bibi anasema hawezi kukaa na mtoto mpaka baba atoke hospitali. Anasema samahani. Sahani ya mandazi, ambayo Mama alikuwa ameileta tena, haikupokelewa.

Mama hakusema kitu mpaka tulipofika jikoni kwetu. Kisha akasema vyote. Miaka mitatu, alisema. Miaka mitatu tumekula sufuria moja, nimempeleka hospitali mguu ulipovimba, leo ndiyo ameamka akaona sisi ni weusi? Mandazi yangu yana nini? Akachukua simu kumwambia msimamizi wake kwamba hawezi kuingia kazini, na sauti yake wakati wa kuomba ilikuwa ndogo, na mimi sijawahi kuipenda sauti hiyo kwa mama yangu. Aliweka simu chini akasema tutahama, hata kama ni kwenda Campbelltown kupanda treni saa nzima, lakini hataishi pembeni ya mtu anayemdharau.

Nina hasira za karibu, nimezirithi kwake, na siku hiyo zilinigeukia mwenyewe. Nilimwambia kwa Kiingereza, kwa sababu wakati huo nilikuwa nikimjibu kwa Kiingereza kila kitu: hakutudharau. Aliniambia nisije. Nilijua. Nilienda kwa sababu nilitaka kuona.

Mama aliketi. "Hebu sema tena," alisema. "Na useme kwa lugha yangu."

Nikasema kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili lilikuwa kosa kubwa zaidi. Nilimweleza mjomba wa mikate, na moyo wa Chu Tam, na kitambaa. Nilidhani atanichapa, na nadhani ningependelea hivyo. Mwishowe akasema, "Mimi nilikuwa nimeshamchukia yule mama wa watu. Unaona ulichotaka kunifanyia?" Kisha akanionyesha mlango. "Sitakusemea. Nenda mwenyewe."

Nilikwenda mbele, si nyuma. Nilivaa sare ya shule, ya buluu. Nikabisha, nikarudi hatua mbili ili nisikaribie kizingiti, na Ba Sau alipofungua nikamwambia kwamba siku ile nilikumbuka alichoniambia na nikaja makusudi.

Aliniangalia. "Mimi najua," alisema. "Wewe huwezi kusahau kitu. Sikukasirikia nguo. Mama hakujua nguo. Nakasirikia sikio."

Nikamuuliza kama Chu Tam atakufa. Sijui kuuliza kwa kuzunguka, hata sasa.

Ba Sau hakunidanganya. Hakusema la, hakusema ndiyo. Alisema hajui, na kwamba haogopi kidogo, anaogopa sana. Kisha akaingia ndani. Nilifikiri amemaliza nami, lakini alirudi na kigoda, sindano, uzi mwekundu, na kile kitambaa changu cheupe, kimefuliwa. Alikiweka kigoda kwenye baraza, nje. Yeye akaketi ndani, kiti chake kimegusa kizingiti. Akashika ukingo wa kitambaa akanionyesha nyuzi zinazochomoka.

"Cha msiba hakikunjwi pindo," alisema. "Kinaachwa hivi. Hiki, wewe kunja."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kushona. Wiki tano, kila siku baada ya shule, mimi nje na yeye ndani, kizingiti kati yetu kama meza. Hakunivusha hata siku moja. Mvua iliponyesha aliniletea mwavuli mkubwa akaufunga kwenye nguzo. Chakula alinipitishia kwa mkono, ikiwa ni pamoja na mandazi ya Mama, ambayo alianza kuyapokea siku iliyofuata na kuyala akiyachovya kwenye chai yake isiyo na maziwa, akitikisa kichwa kwamba yana mafuta. Mama aliyatafsiri hayo kuwa ni sifa. Linh alikaa katikati, mguu mmoja ndani mmoja nje, akisema tumekuwa vichaa wawili.

Nilikunja pindo la kitambaa. Ba Sau akalifumua kwa wembe. Nikakunja tena. Pande nne zilipokwisha akanipa mistari ya katikati, mshono huu na mshono ule, mpaka kitambaa kile kikajaa uzi mwekundu na ukitazama kwa mbali huwezi kusema tena kilikuwa cheupe. Sikuelewa wakati huo kwamba nilikuwa natibiwa, au kwamba yeye alikuwa anajitibu, au nyumba. Nilijua tu kwamba vidole vilikuwa vinauma na kwamba nilitaka kujua mshono unaofuata.

Baadaye akanipa ile ao dai nyekundu, pindo lake bado halijakunjwa tangu Jumamosi ile. "Maliza," alisema.

Chu Tam alipasuliwa siku ya Alhamisi. Nilikaa barazani na sindano mkononi, sikushona hata nukta. Ba Sau alikuwa hospitali. Mama aliomba ruhusa kazini akaja kuketi nami kwenye ngazi, na yeye, ambaye alikuwa amesema mambo ya mtu wa kwanza kuingia ni ushirikina mtupu, nilimwona anaangalia kile kizingiti na kukunja miguu yake mbali nacho.

Jioni simu ililia. Alikuwa mzima.

Siku kumi baadaye gari lilipomleta nyumbani, Ba Sau alishuka kwanza akaja moja kwa moja kwetu. Nilikuwa nimeshavaa. Nyekundu, na suruali ya hariri, ambayo kwa kawaida huwa nyeupe, Ba Sau aliifanya nyekundu pia kwa sababu hakutaka masihara, na pindo langu chini, limepinda kidogo upande wa kushoto. Alilitazama, akalivuta, akaguna. Kisha akanishika mkono akanipitisha mlango wao wa mbele, kabla ya Chu Tam, kabla ya Linh, kabla yake mwenyewe, na akaniambia nicheke. Nilicheka. Nilicheka vibaya, kama mtu anayekohoa, na nyuma yangu nikamsikia Chu Tam akicheka kweli, akishika kifua na kumwomba mama yake asimchekeshe, mshono utaachia.

Mbao ya uzio ilitolewa misumari wiki hiyo hiyo.

Watu wanaokuja kwangu kushonewa, kitenge au ao dai, huiona ukutani sahani ya samaki wa buluu, aliyoniachia Ba Sau, na huniuliza, na nikiwaeleza huniuliza kama naamini mambo hayo. Sikusomea ushonaji popote na sikusomea mambo ya roho popote. Siwezi kusema kwamba kitambaa changu kingemuua Chu Tam, na siwezi kusema kwamba nguo yangu nyekundu ilimponya. Kulikuwa na madaktari. Ninachoweza kusema ni kwamba bibi mmoja aliamini kwa moyo wote kwamba nimeleta kifo nyumbani kwake, na bado alinitolea kigoda. Wengi wasioamini chochote wasingenitolea. Na asubuhi ya Tet sitoki kwangu mpaka Linh apige simu aseme njoo.

Ba Sau alifariki nikiwa na miaka kumi na tano, majira ya baridi, usingizini. Katika ukumbi wa mazishi nilisimama nyuma na Mama. Nilivaa nyeusi kwa hofu ya kukosea tena. Watawa walisoma, kisha Chu Tam akaanza kuwafunga watoto wa nyumba vitambaa vyeupe. Alimfunga Linh. Kisha akatazama nyuma akaniita kwa jina, na nilipofika mbele akanifunga mimi, fundo nyuma, mikia miwili mgongoni. Mama aliweka mkono mdomoni.

Kingo hazikuwa na pindo. Nyuzi zilikuwa zikinidondokea shingoni ibada nzima, na vidole vyangu, vilivyofundishwa na yeye, vilitaka sindano. Niliviweka mapajani, nikaacha nyuzi zichomoke.